Daktari Aliyewanawisha Wenziwe

Ignaz Semmelweis alizaliwa mwaka 1818 katika mji wa Buda, nchi ya Hungaria. Akasomea udaktari, na mwaka 1846 akapata kazi katika hospitali kubwa ya Vienna, mji mkuu wa Austria.

Humo mlikuwa na nyumba mbili za kuzalishia. Katika moja walizalisha madaktari na wanafunzi wao, katika ya pili wakunga. Nyumba ya madaktari iliua wanawake wengi zaidi kwa homa ya uzazi, hata wengine wakalia wasipelekwe huko.

Semmelweis akatafuta sababu asiione. Mwaka 1847 rafiki yake, Jakob Kolletschka, alichomwa na kisu cha kupasulia maiti, akafa kwa ugonjwa uliofanana na homa ile. Hapo akatambua. Madaktari walitoka kupasua maiti, wakaja kuzalisha na uchafu ule mikononi. Wakunga hawakupasua maiti. Akaamuru kila mtu anawe kwa maji ya chokaa ya klorini. Mwezi wa Aprili walikuwa wamekufa wanawake 18 katika kila 100. Mwezi wa Juni wakafa 2 tu.

Lakini madaktari wengi walichukia kuambiwa ya kuwa mikono yao ndiyo iliyoua, wakamkataa. Mwaka 1849 akaikosa kazi yake, na mwaka 1865 akafa. Kwa kiburi hicho wanawake wengi wakaendelea kufa, ijapokuwa dawa ilikuwa imekwisha kujulikana. Baadaye Louis Pasteur na wengine wakathibitisha kwamba vijidudu huleta maradhi, na leo kila daktari hutakiwa kunawa kabla ya kumgusa mzazi.