David Livingstone: maandishi ya Nyangwe yaliyohama kutoka gazeti hadi kompyuta

Lwiro, katika teritware ya Kabare, ndiko Wabelgiji walikojenga kituo kikuu cha IRSAC, taasisi ya utafiti iliyoanzishwa mwaka 1947. Leo kituo hicho kinajulikana kama CRSN. Mtafiti yeyote anayeachana na kompyuta yake ya zamani anaijua kazi inayomngoja: kuhamisha barua, picha na hesabu za miaka mingi kwenda kwenye mashine mpya, huku akiomba umeme usikatike katikati. Kazi hiyo ni ya kale kuliko kompyuta. Mmoja wa walioifanya kwa taabu kubwa huku mashariki mwa Kongo alikufa mwaka 1873. Ni David Livingstone, daktari na mmisionari Mskoti ambaye wengi wanamkumbuka kwa safari zake tu.

Alizaliwa Blantyre, Uskoti, tarehe 19 Machi 1813, katika familia maskini. Akiwa na miaka 10 alianza kazi katika kiwanda cha pamba, na masomo aliyafanya jioni baada ya kazi. Alipata udaktari mwaka 1840, akaja kusini mwa Afrika mwaka uliofuata, na kufikia 1856 alikuwa amelivuka bara kutoka Luanda hadi Quelimane. Sifa hizo zilimfanya mtu mkubwa Uingereza. Lakini sehemu ya maisha yake inayotuhusu sisi zaidi ni ile ya mwisho, alipokuwa mgonjwa, hana fedha, na kwao wengi walidhani amekwisha kufa.

Mwaka 1866 alianza safari kutoka Zanzibar kutafuta chanzo cha mto Nile. Mapema mwaka 1867 sanduku lake la dawa liliibwa, na tangu hapo mwili wake haukupona sawasawa. Alifika Ujiji Machi 1869, akavuka ziwa Tanganyika, akaingia Maniema. Kwa miezi mingi alikwama Bambarre, mahali tunapopaita leo Kabambare, kwa sababu ya vidonda vya miguu vilivyokataa kupona. Machi 1871 alifika Nyangwe, kwenye ukingo wa Lualaba. Mto huo ndio aliouwania. Aliamini, au tuseme alitamani, kwamba ni Nile.

Kila siku aliandika. Desturi yake ilikuwa kutembea na daftari ndogo za mfukoni kwa ajili ya habari za njiani, kisha akipata utulivu ananakili yote katika kitabu kikubwa chenye kufuli. Daftari ndogo ilikuwa ya haraka, kitabu kikubwa kilikuwa cha kudumu. Mfumo huo ulifanya kazi vizuri mpaka karatasi zilipomwishia. Akaanza kuandika juu ya chochote: vipande vya ramani, kurasa za vitabu, na mwishoni gazeti moja la London, The Standard la tarehe 24 Novemba 1869. Aliligeuza upande, akapitisha mistari yake juu ya maandishi yaliyokwisha kuchapwa. Wino nao ukaisha. Akatengeneza mwingine kutokana na mbegu za mmea aliouandika kwa jina la zingifure. Ulikuwa mwekundu na ulisomeka vizuri siku ile, lakini haukuwa wa kudumu.

Juu ya karatasi hizo dhaifu ndipo alipoandika habari ya tarehe 15 Julai 1871. Siku hiyo soko la Nyangwe lilijaa watu, wengi wao wanawake waliotoka vijiji vya pande zote mbili za Lualaba. Watu wa mfanyabiashara Dugumbe waliingia sokoni na bunduki. Ugomvi wa bei ya kuku ulitokea, kisha risasi zikaanza. Watu walikimbilia mitumbwi, wakasongamana, na wengi wakazama mtoni. Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Livingstone aliyaona hayo kwa macho yake. Siku chache baadaye aliondoka Nyangwe, akageuza njia kurudi Ujiji bila kuujua mwisho wa mto wake.

Alifika Ujiji Oktoba 1871 akiwa hana kitu, kwa maana bidhaa alizotumiwa kutoka pwani zilikuwa zimeuzwa. Majuma machache baadaye akatokea Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la Marekani, akiwa na chakula, dawa na nguo. Wawili hao walipanda mtumbwi hadi kaskazini mwa ziwa, pande za Uvira, kuangalia kama mto Rusizi unatoka au unaingia. Waliukuta unaingia. Kwa hiyo maji yanayoteremka kutoka vilima vya Lwiro kwenda ziwa Kivu, yakapita Bukavu na kushuka na Rusizi, yanafika Tanganyika, na kutoka huko yanafuata Lukuga hadi Lualaba, yaani mto Kongo. Jibu alilolitafuta lilikuwa humo, ila yeye hakulipata.

Baada ya kurudi Ujiji alianza kazi ya kuhamisha. Maneno ya gazeti na ya daftari yaliingizwa katika kitabu kikubwa, mwandiko ukiwa safi na wino ukiwa mzuri. Tarehe 14 Machi 1872, huko Unyanyembe karibu na Tabora, Stanley aliondoka na kitabu hicho kimefungwa na kupigwa muhuri, ili akifikishe kwa Agnes, binti ya Livingstone. Habari ya Nyangwe ilifika Uingereza na kuwasha hasira kubwa. Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa la Zanzibar.

Livingstone hakuijua habari hiyo. Alikuwa amekufa karibu tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo. Wenzake, wakiongozwa na Chuma na Susi, walizika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaubeba zaidi ya kilomita 1,500 hadi Bagamoyo pamoja na maandishi yake. Inafaa kusemwa wazi: bila watu hao, sehemu kubwa ya tunayoyajua juu ya miaka yake ya mwisho ingeozea porini. Alizikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Jacob Wainwright alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Chuma na Susi walifika Uingereza baadaye na kumsaidia Horace Waller kutengeneza kitabu kilichochapwa mwaka huohuo wa 1874.

Kwa zaidi ya miaka mia moja, kitabu hicho ndicho ambacho dunia ilisoma. Lakini kilikuwa nakala iliyotokana na nakala, na kila uhamisho ulikuwa na mkono wa mtu. Waller alipunguza alichoona hakifai. Na kabla yake, Livingstone mwenyewe alikuwa amekwisha kusafisha maneno yake.

Bahati ni kwamba karatasi za gazeti hazikutupwa. Zilifika Uskoti, ingawa wino wa zingifure ulififia mpaka jicho la kawaida likashindwa kuusoma. Mwaka 2010 kikundi cha wataalamu kilichoongozwa na Adrian Wisnicki kilizipiga picha huko Edinburgh kwa mianga ya aina nyingi, ikiwemo ile ambayo jicho la binadamu haliioni. Kompyuta zikatenganisha wino wa Livingstone na wino wa gazeti. Mwaka 2011 kurasa hizo zilitolewa kwa umma.

Zilizosomeka hazikuwa sawa na kitabu kikubwa. Katika karatasi za Nyangwe, Livingstone ana hasira na hofu juu ya watu wake mwenyewe, watumwa wa Mabaniani aliotumiwa kutoka Zanzibar. Watafiti waliolinganisha maandishi hayo mawili waliona kwamba alipokuwa ananakili alibadilisha mambo juu ya watu hao, na wakauliza kama baadhi yao walihusika na ukatili wa siku zile. Karatasi hazitoi jibu la moja kwa moja. Ila swali lenyewe halikuonekana katika kitabu kikubwa, wala katika kile cha Waller.

Leo picha za kurasa hizo ziko kwenye intaneti bila malipo. Mtu aliye Kindu, Kasongo au Lwiro, intaneti ikikubali, anaweza kuufungua ukurasa wa tarehe 15 Julai 1871 na kuona mistari ya mkono ikikatiza juu ya safu za gazeti la London.