Xavier Bichat na Somo la Tishu

Tunapofundisha jinsi mwili ulivyopangwa, kwa kawaida tunaanza na seli, kisha tishu, ogani na mwisho mifumo. Utaratibu huo ni sahihi. Lakini katika shule isiyo na hadubini, seli hubaki kuwa jina tu, na wanafunzi hukariri orodha wasiyoielewa. Yafaa basi tuyatazame maisha ya Mfaransa Xavier Bichat, aliyezichunguza na kuzipanga tishu bila kutumia hadubini.

Bichat alizaliwa mwaka 1771 huko Thoirette, mashariki ya Ufaransa. Baba yake, aliyekuwa daktari, ndiye aliyemfunza misingi ya elimu ya mwili. Baada ya kusoma Lyon, alikwenda Paris mwaka 1793, wakati wa Mapinduzi, akawa mwanafunzi wa Desault, mpasuaji mashuhuri wa hospitali ya Hôtel-Dieu. Desault alipofariki mwaka 1795, Bichat alishughulikia kwanza kuchapishwa kwa kazi za mwalimu wake. Mwaka 1797 alianza kufundisha yeye mwenyewe.

Wataalamu wengi wa wakati huo walieleza ogani moja baada ya nyingine. Bichat alitaka kujua ogani hizo zimeundwa kwa vitu gani. Alipasua maiti nyingi. Vipande vyake alivichemsha, alivikausha, aliviacha vioze au alivitia katika asidi, kisha akalinganisha mabadiliko. Aliona kwamba utando unaofunika mapafu na ule unaofunika moyo ni wa jamii moja, ingawa ogani hizo ni tofauti. Aliona pia kwamba ogani moja ina tishu kadhaa, na kwamba ugonjwa waweza kuishika mojawapo na kuziacha nyingine zikiwa nzima. Katika kitabu chake cha mwaka 1801 alitaja aina 21 za tishu.

Mwaka uliofuata alianguka katika ngazi za hospitali, akashikwa na homa, akafariki tarehe 22 Julai 1802 kabla ya kutimiza miaka 31.

Hata hivyo Bichat hakuiamini hadubini, na hapo alikosea. Mwaka 1839 Theodor Schwann alieleza kwamba tishu za wanyama zimejengwa kwa seli. Leo tishu hugawanywa katika makundi makuu manne: za kufunika, za kuunganisha, za misuli na za neva.

Njia yake lakini ingali yafaa darasani. Mwalimu alete mguu wa kuku aliyechinjwa. Wanafunzi waibandue ngozi, waitenge misuli, waivute kano iliyoshika mfupa, kisha waitazame gegedu nyeupe na laini penye kiungo. Waeleze kila kitu kilivyo: kinanyumbuka au kinavunjika, ni kigumu au chororo, na kazi yake ni nini. Kisha wapewe bawa, wazitafute tishu zile zile humo. Baada ya kazi wote wanawe kwa sabuni.

Hapo ndipo tuwaulize: je, misuli nayo imejengwa kwa nini? Mwanafunzi aliyekwisha kuishika misuli mkononi atakuwa na sababu ya kutaka kujua habari za seli, na mchoro wa seli ubaoni utampa jibu la swali lake mwenyewe.