Ibn Battuta, usiku mmoja Mombasa na namba 1331

Hebu toa simu, fungua kikokotoo. Piga 11 mara 11, upate 121. Zidisha tena kwa 11: 1331. Isome kutoka kushoto, isome kutoka kulia, ni ile ile. Na huo ndio mwaka ambao wanahistoria wengi husema Ibn Battuta alishuka Mombasa.

Jamaa huyu alizaliwa Tangier, Moroko, mwaka 1304, kwenye ukoo wa makadhi. Mwaka 1325, akiwa na miaka 21 tu kama wewe, aliaga wazazi akaenda kuhiji. Alirudi kwao 1349!

Huku pwani alikuja kwa chombo kutoka Aden, akapitia Zeila na Mogadishu, akalala Mombasa usiku mmoja, kisha akaelekea Kilwa. Usiku mmoja, lakini aliona mengi. Alikuta wenyeji wanakula ndizi na samaki, nafaka ikiletwa kutoka nje ya kisiwa. Misikiti ilikuwa ya mbao, imejengwa imara, na mlangoni pana kisima. Watu walitembea miguu mitupu, wakaiosha kabla ya kuingia. Leo ukipita Mji wa Kale, Msikiti wa Mandhry nao una kisima chake mbele.

Sasa turudi kwa ile namba. Ukipanga maboksi 11 kwa urefu, 11 kwa upana na 11 kwenda juu, umepata 1331 kamili. Zidisha tena kwa 11, inakuja 14641, nayo husomeka pande zote. Zidisha tena: 161051. Hapo mchezo umeharibika. Kwa nini? Tarakimu 1, 3, 3, 1 ni mstari wa pembetatu ambayo kila namba ni jumla ya mbili zilizo juu yake. Al-Karaji na Omar Khayyam waliijua kabla Ibn Battuta hajazaliwa. Mstari wa 14641 ukiisha, unaofuata ni 1, 5, 10, 10, 5, 1. Kumi haitoshi kwenye nafasi moja, kwa hivyo inabebwa upande wa kushoto na mpangilio unavurugika. Si uchawi, ni hesabu.

Basi usikimbilie kubeti na 1331 ukidhani ni namba ya bahati. Mwenyewe Ibn Battuta alihesabu miaka kwa Hijria, na kwake ulikuwa 731. Hiyo ni 17 mara 43, na ukiigeuza inakuwa 137. Usiku ni ule ule, namba mbili tofauti. Uzuri ni wa namba, haukumgusa msafiri.

Kwani alibahatika? India majambazi walimpora. Calicut dhoruba ilizamisha zawadi alizotumwa na Sultani wa Delhi kupeleka China. Mwaka 1348, akiwa Damascus, ndipo alipojua babake alifariki miaka 15 nyuma. Alipokaribia nyumbani akaambiwa mamake naye ameuawa na tauni, miezi michache tu kabla hajafika.

Kilichombakia ni alichokiona na kukikumbuka. Mwaka 1355, kule Fez, Ibn Juzayy alimaliza kuandika masimulizi yake, na humo Mombasa ikapata mistari michache. Ndiyo maana leo, karibu miaka 700 baadaye, tunajua babu zetu walikula nini na waliosha miguu wapi.