Linus Pauling, Mjuzi wa Vifungo vya Atomu

Leo, msomaji mpenzi, nataka tumkumbuke Linus Pauling, mwanakemia wa Marekani. Alizaliwa Portland, Oregon, tarehe 28 Februari, 1901. Baba yake, aliyekuwa muuza dawa, alifariki mwaka 1910, akamwacha na miaka tisa tu. Yatima huyo ndiye aliyekuja kutueleza kinachozishika atomu zisiachane.

Ilikwisha kujulikana kwamba atomu mbili huweza kuungana kwa kushirikiana jozi ya elektroni. Lakini vipi? Pauling alikwenda Ulaya mwaka 1926 kujifunza fizikia mpya, na mwaka 1931 akatoa jawabu. Elektroni hukaa katika obitali, mfano wa wingu lililokizunguka kiini cha atomu. Obitali za atomu mbili zikiingiliana, hapo ndipo kifungo kinapofungika. Na kadiri zinavyozidi kuingiliana, ndivyo kinavyozidi nguvu. Akaonyesha pia jinsi kaboni inavyochanganya obitali zake zikawa nne zilizo sawa, ikashika haidrojeni nne.

Siku hizi wanafunzi hufundishwa hivi: obitali zikikutana ana kwa ana, kifungo huitwa sigma, zikigusana ubavu kwa ubavu, huitwa pai, nacho ni dhaifu zaidi. Kaboni mbili zenye kifungo maradufu zimeshikwa na sigma moja na pai moja.

Kwa uchunguzi wake wa vifungo, Pauling alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1954. Lakini mimi simpendei kemia peke yake. Mwaka 1952 serikali yake, ikimshuku ukomunisti, ilimnyima pasipoti, akakosa mkutano wa wataalamu London. Hakunyamaza. Mwaka 1958, yeye na mkewe, Ava Helen, waliupelekea Umoja wa Mataifa ombi la kusimamisha majaribio ya mabomu ya nyuklia, lenye saini za wanasayansi zaidi ya 11,000. Akapata na Nobel ya Amani ya mwaka 1962. Hakuna mwingine aliyepata Nobel mbili bila kugawana na mtu.

Alikosea pia. Mwaka 1953 alidai DNA ina nyuzi tatu, na uzeeni aliisifu vitamini C kupita ushahidi.

Alifariki tarehe 19 Agosti, 1994. Mimi ni mtunga mashairi, kemia naisoma kwa taabu. Lakini mwenye elimu asiyeuza ulimi wake namtambua.