PROFESA ODHIAMBO NA NYIGU

Mwaka jana nilinyunyizia mahindi ya mama dawa hapa Kitengela, nikaua viwavi na nyigu pamoja. Msimu uliofuata viwavi walirudi kwa fujo. Kumbe nilimaliza askari wetu!

Profesa Thomas Odhiambo alizaliwa Mombasa mwaka 1931, akasoma Makerere na Cambridge. Mwaka 1970 alianzisha kituo cha ICIPE, Nairobi, kuchunguza wadudu. Mwaka 1993, akiwa bado mkuu, kituo hicho kiliachilia pwani nyigu wadogo waliotoka Pakistan. Nyigu hao hutaga mayai ndani ya kiwavi anayetoboa mabua. Wana wao humla hadi afe.

Profesa alifariki mwaka 2003. Siku hizi nikiona nyigu kwenye mahindi, bomba la dawa naliweka chini.