Lesoni Zilizoandikwa Njiani

Soma Kumb. 6:6, 7 na Mdo 17:11.

James White alizaliwa Agosti 4, 1821 huko Palmyra, katika jimbo la Maine, Marekani. Utotoni aliugua homa iliyomwacha na macho mabovu, hata akashindwa kusoma. Wenzake walipoendelea na shule, yeye alibaki na kazi za shamba. Alipofikia umri wa miaka 19 macho yake yalipata nafuu, naye akajiunga na shule huko St. Albans, akaanzia mwanzo kabisa. Wengine walimshauri arudi shambani. Hakurudi. Alijisomea hadi saa 18 kwa siku, na baada ya wiki 12 akapata cheti cha kufundisha. Jumla ya masomo yake ya darasani tangu hapo ilikuwa wiki 29 tu.

Mwaka 1846 alimwoa Ellen Harmon. Mwaka 1852 walihamia Rochester, New York, wakaweka mtambo wa kuchapia ndani ya nyumba ya kupanga. Chakula kilikuwa haba. Waumini walikuwa wachache, tena wametawanyika, na watoto wao hawakuwa na lesoni yoyote ya Sabato. White, aliyekuwa mzazi pia, aliona kwamba ukweli usiofundishwa nyumbani na kanisani huzikwa pamoja na wazee.

Fedha hazikuwapo, wala nafasi ya kukaa na kuandika. Basi, akiwa safarini na mkewe kwa gari la farasi kutoka Rochester kwenda Bangor, Maine, alitumia saa ya mchana farasi alipokuwa akila. Aliandika lesoni juu ya sanduku la chakula, au juu ya kofia yake. Zilichapwa katika Youth's Instructor, gazeti lililoanza Agosti mwaka huo. Mwaka 1853 Shule ya Sabato ilianzishwa Rochester, na mwaka uliofuata nyingine huko Buck's Bridge. Lesoni hizo za kwanza zililenga watoto na vijana. Baadaye watu wazima nao walipata zao. White alifariki Battle Creek, Agosti 6, 1881, akiwa na umri wa miaka 60.

Katika madarasa yetu yumo mtu mzima anayeketi nyuma kila Sabato bila kufungua lesoni. Pengine si mvivu. Hasomi vizuri, naye anaona haya kusema. Huyo asihesabiwe kuwa amechelewa. Mwandishi wa lesoni zetu za kwanza alianza shule akiwa na miaka 19.

Maswali ya Kujadili:

1. Je, darasa lenu linamsaidiaje mshiriki asiyejua kusoma ili ajifunze Neno bila kuaibishwa?

2. White hakungoja apate meza. Ni kazi gani ya kufundisha unayoiahirisha ukingoja hali iwe nzuri?