Rugambwa wa Bukoba na amana ya mlango uliofungwa

Ndugu msomaji, kila Papa anapofariki dunia, hata sisi Waislamu wa pwani hujikuta tunangoja moshi. Ukitoka mweusi, bado hajapatikana. Ukitoka mweupe, Wakatoliki wamepata mkubwa wao. Lakini ni wachache kwetu wanaojua kwamba katika zama hizi Mwafrika mweusi wa kwanza kuingia katika chumba kile na kupiga kura yake alitoka katika nchi hizi zetu. Naye ni marehemu Kadinali Laurean Rugambwa.

Alizaliwa tarehe 12 Julai 1912 katika nchi ya Wahaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, penye migomba na mibuni. Mjerumani ndiye aliyekuwa akitawala. Ukoo wake ulikuwa wa watu wenye jaha katika kabila lile, na wazazi wake walikuwa bado hawajaingia Ukristo. Wamisionari walikwisha kufika Kashozi, karibu na Bukoba, tangu mwaka wa 1892. Hao walikuwa wa shirika lililoanzishwa Algiers mwaka wa 1868, na kanzu yao nyeupe na joho waliviiga kwa Waislamu wa Algeria, ili wasionekane wageni mno machoni pa watu.

Mwaka wa 1921 Rugambwa alibatizwa siku moja na baba yake na mama yake, naye ana umri wa miaka minane. Alisoma Rubya, kisha akavuka kwenda Katigondo, Uganda, na mwezi wa Desemba 1943 akawa padri. Baada ya miaka michache ya kazi kwao alipelekwa Roma kusoma sheria za Kanisa. Mtu akitaka kuifahamu elimu hiyo na ailinganishe na elimu ya kadhi: ni kujua haki ya nani iko wapi, na jambo gani hufuata utaratibu gani. Aliihitimu kwa shahada ya udaktari, na mwezi wa Februari 1952, kabla hajatimiza miaka arobaini, akawekwa kuwa askofu nyumbani kwao.

Kisha ukaja mwaka wa 1960, mwaka ambao nchi nyingi za Afrika zilipandisha bendera zao. Tanganyika ilikuwa bado haijapata uhuru. Tarehe 28 Machi, Papa Yohana wa 23 alimfanya Rugambwa kuwa kadinali, pamoja na Doi wa Japani na Santos wa Ufilipino, nao wote wawili walikuwa wa kwanza katika nchi zao. Basi mtu wa Bukoba alikaa katika baraza la wakubwa wa Kanisa lake zaidi ya mwaka mmoja kabla nchi yake haijakaa katika baraza la mataifa.

Hapa yafaa tueleze kadinali ni nani na kazi yake kubwa ni ipi. Tangu mwaka wa 1059 makadinali ndio waliopewa haki ya kumchagua Papa, na tangu mwaka wa 1179 imewekwa sharti kwamba mshindi apate theluthi mbili za kura. Ama kufungiwa ndani, kisa chake ni hiki. Mwaka wa 1268 Papa alifariki katika mji wa Viterbo, Italia, na makadinali wakabishana karibu miaka mitatu. Wenyeji wakachoka. Wakawafungia, wakawapunguzia chakula, hata paa la jumba wakaliezua. Ndipo mwaka wa 1271 walipomchagua mtu ambaye hata hakuwapo pale. Alikuwa Akka, nchi ya Palestina, pamoja na jeshi la Msalaba. Huyo ndiye Gregori wa 10, na mwaka wa 1274 aliifanya kufungiwa kule kuwa sheria. Neno lenyewe wanalouitia mkutano huo, konklave, katika Kilatini lina maana ya mahali palipofungwa kwa ufunguo.

Sisi tuliosoma chuoni tunakumbuka mfano wa karibu na huo. Sayyidna Umar, Radhi za Mwenyezi Mungu zimfikie, alipochomwa jambia mwaka wa 23 wa Hijra, aliwateua watu sita washauriane na akawawekea siku tatu, nao wakatoka na Sayyidna Uthman. Dini hizi ni mbali mbali, na Papa si khalifa. Lakini hofu ilikuwa moja: watu wasikae bila ya mkubwa, na maneno yasivuke mpaka yakazaa fitina.

Papa Yohana alifariki tarehe 3 Juni 1963. Tarehe 19 ya mwezi huo makadinali 80 waliingia Vatikani na mlango ukafungwa. Miongoni mwao alikuwamo mtu mweusi mmoja tu, Rugambwa, mwenye umri wa miaka hamsini. Kila mmoja aliapa kutotoa siri ya mle ndani. Kila mmoja aliandika jina kwenye kikaratasi, akakiinua watu wakione, akakitia katika chombo. Kura zikisha kuhesabiwa vikaratasi huchomwa, na huo ndio moshi tunaoungoja. Tarehe 21 moshi ulitoka mweupe, akapatikana Paulo wa 6.

Rugambwa alimpigia nani? Hakuna ajuaye, na hapo ndipo ulipo uzito wa maisha yake. Mtu wa kwanza wa rangi yake kuingia mle asingekosa watu wa kumdodosa: rafiki, waandishi wa magazeti, hata jamaa wa nyumbani. Hiyo ilikuwa amana, na amana haivunjwi kwa sababu mwenye kuuliza ni mpenzi. Karatasi zilichomwa, na yeye aliyeziona alikaa kimya.

Miaka hiyo hiyo, tangu 1962 mpaka 1965, alikuwa mmoja wa maaskofu wa Mtaguso wa Pili wa Vatikani, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima. Katika mambo yaliyopitishwa, mwezi wa Oktoba 1965, limo tamko linalowataja Waislamu kwa heshima kuwa ni watu wanaomwabudu Mungu mmoja, na kuzitaka pande mbili zisahau ugomvi wa zamani. Jambo hilo halikuwa dogo kwa askofu aliyekuwa karibu kuhamia pwani.

Kwani mwezi wa Desemba 1968 aliteuliwa kuwa Askofu Mkuu wa Dar es Salaam. Mji ule, kama tujuavyo, aliuasisi Sayyid Majid bin Said wa Unguja, na misikiti na makanisa husikilizana sauti. Kanisa lake kuu, la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa wakati wa Wajerumani, limeitazama bandari. Hapo alikaa mpaka mwaka wa 1992, muda wa miaka 23 na zaidi. Ukonga iko hospitali yenye jina lake mpaka leo.

Mwaka wa 1978 aliitwa Roma mara mbili katika muda wa miezi mitatu. Paulo wa 6 alifariki mwezi wa Agosti. Akachaguliwa Yohane Paulo wa 1, naye akaishi siku 33 tu. Oktoba wakarudi tena, wakamtoa Yohane Paulo wa 2, mtu wa Poland, wa kwanza asiyekuwa Mwitaliano kwa zaidi ya miaka 450. Safari hizi Rugambwa hakuwa peke yake. Walikuwapo Otunga wa Kenya, Nsubuga wa Uganda, Malula wa Kongo na Waafrika wengine. Njia aliyoipita mmoja ilikuwa imekwisha kuwa barabara.

Alifariki dunia tarehe 8 Desemba 1997, ana umri wa miaka 85. Alizikwa kwao, na mwaka wa 2012, alipotimia miaka mia tangu kuzaliwa, mabaki yake yalihamishiwa katika kanisa kuu la Bukoba.

Sasa kuna jambo moja la kuangalia, ndugu msomaji. Siku hizi habari za mtu kama huyu hazimo vitabuni tu. Ziko katika kamusi elezo ya intaneti, Wikipedia, ambayo kwa Kiswahili ilianza mwaka wa 2003, na waandishi wake ni watu wanaojitolea bila ya ujira. Mchuma chai wa Kimulot, kule milimani Bomet, mashariki ya ziwa lile lile ambalo Bukoba iko magharibi yake, akiwa na simu anaweza kusoma uchaguzi wa Mapapa tangu kale, sawa na mtu wa Lamu au wa Tanga. Kwa hiyo kosa likiandikwa, huwafikia wote kwa siku moja.

Na makosa katika habari hii yako karibu. La kwanza ni kusema Rugambwa alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa mkubwa katika Kanisa la Roma. Sivyo. Zamani sana, kabla ya Uislamu kufika Afrika ya Kaskazini, Kanisa hilo lilikuwa na Mapapa wenye asili ya Afrika: Viktori, Miltiade na Gelasi. La pili ni la majina. Mwezi wa Mei 2025, alipochaguliwa Leo wa 14, alikuwamo kadinali aitwaye Rugambwa. Huyo ni Protase, wa Tabora, mzaliwa wa upande huo huo wa Bukoba, si Laurean. La tatu ni la mwenye kudai anajua kura za mzee yule zilikwenda wapi. Huyo anasimulia asichokiona.

Wanavyuoni wetu waliokusanya hadithi walizijua hatari hizi zote. Waliuliza: nani kakwambia, naye kamsikia nani, na je, ni fulani huyu au ni mwingine mwenye jina kama lake? Waandishi wale wa kujitolea nao wana kanuni iliyo jirani na hiyo, kwamba kila neno lionyeshwe limetoka wapi. Anayeishika kanuni hiyo anafanya kazi ya heshima, hata akiandika habari za dini isiyokuwa yake.

Mwaka ule ule wa 1912 aliozaliwa Rugambwa, Unguja alizaliwa Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyeifasiri Kurani kwa Kiswahili na akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Sheikh Farsy pia aliandika kitabu cha maisha ya wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika ya Mashariki: nani alisoma kwa nani, na nani alimfundisha nani. Lau si kalamu yake, wengi wao leo tungewajua kwa majina ya makaburi tu. Vijana wetu wenye simu na kalamu na watazame kazi hizo mbili, ya sheikh na ya wale wa kujitolea, kisha wajiulize ni wazee wangapi wa mitaa yao bado hawajaandikwa.

Na wakiandika, waandike mpaka pale ujuzi wao unapofika. Marehemu Rugambwa aliingia katika chumba kile mara tatu na mara tatu akatoka na siri yake. Mwandishi mwaminifu naye hukoma penye mlango.